Vedastus Mutalemwa na Sailensa ya Datsun Nyekundu

Ijumaa tarehe 27 Februari 2026, Fundi Vedastus Mutalemwa atafunga kabati lake la vifaa kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana ya magari na matrekta ya kiwanda chetu cha sukari kwa miaka thelathini na minne. Alikuja kijana mwembamba kutoka Bukoba, anaondoka babu mwenye kitambi cha heshima ambacho mwenyewe anakikana. Mimi, Hilda Lyimo wa stoo ya vipuri, nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu, kwa maneno ya wenzangu, hakuna aliyesumbuliwa naye kama mimi. Ni kweli kabisa, na usumbufu wenyewe nitaukumbuka.

Alianza mwaka 1992 kama msaidizi wa fundi wa matrekta. Akawa fundi kamili, akawa kiongozi wa zamu, na kwa miaka kumi ya mwisho amekuwa msimamizi wa karakana nzima. Ndiye aliyetuzoesha kukagua kila trekta kabla msimu wa kuvuna miwa haujaanza, badala ya kungoja lilale shambani ndipo tuanze kukimbizana. Vijana aliowafundisha wako hapa, wako Mwanza, wako migodini Geita, na wote wana tabia moja waliyoirithi kwake: kabla ya kushika spana wanasimama kimya kidogo, wameinamisha kichwa, wanasikiliza.

Sikio lake lilikuwa burudani yetu. Wakati wa mapumziko ya mchana alikuwa akijilaza kwenye benchi nje ya kantini, kofia usoni, na matrekta yakipita na matela ya miwa yeye anayataja moja moja na madereva wake bila kufumbua macho. Siku moja dereva wetu Jackson alichomeka kopo la maziwa kwenye bomba la moshi ili ampoteze. Vedastus akasema kutoka chini ya kofia kwamba huyo ni Jackson, na kwamba alirudishe kopo la watu jikoni kabla halijaanza kutafutwa. Jackson anasimulia kisa hicho mpaka leo kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Lakini ukitaja jina la Vedastus hapa kiwandani, mtu atakuuliza kwanza habari za Datsun. Ni gari la spoti la mwaka 1972, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita. Lilikuwa la Martin, kaka wa mke wake Aika, huko Old Moshi, mlimani Kilimanjaro. Martin alilinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama nchi, na kwa miaka yake michache ya ujana alipanda nalo mlima kila Jumamosi kwenda kumsalimia mama yake. Aliugua, akafariki mwaka 1995, kabla Vedastus hajamfahamu mtu yeyote wa familia ile. Walimzika nyumbani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Gari likafunikwa magunia kwenye banda la kahawa na kuku wakahamia humo.

Vedastus aliliona siku alipokwenda kujitambulisha ukweni. Aika anasema aliinua pembe ya gunia moja na hapo hapo akasahau shughuli iliyompeleka. Hata hivyo hakuthubutu kuliomba. Ilipita miaka mingi, watoto wakazaliwa na kukua, mpaka siku mama mkwe wake, Mama Lukresia, alipomwita pembeni akampa ufunguo uliofungwa kwenye leso. Alimwambia, "Linaoza, mgeni wetu. Lichukue."

Mgeni wetu ndilo jina alilompa tangu siku ya kwanza, na kwa wanaomjua mama yule halikuwa na ubaya wowote. Lilikuja na kiti kizuri kuliko vyote, na nyama iliyochaguliwa, na kikombe kisicho na ufa. Wakwe wengine wangeomba nini zaidi? Ila Vedastus alikuwa amezaa na kulea na binti wa nyumba ile, alikuwa amezika nao na kusherehekea nao, na bado kila alipofika alikuwa anakaribishwa. Aliwahi kuniambia, tukihesabu boliti stoo, kwamba ile karibu ya kila mara ilikuwa inamchosha moyo.

Kwa ruhusa ya uongozi, gari lililetwa hapa na kuwekwa kwenye kona nyuma ya karakana, na Vedastus akalifanyia kazi Jumapili zake baada ya misa. Mwanzoni hakukuwa na kitu cha kuita gari. Palikuwa na ganda jekundu lililofifia, limesimama juu ya matofali, na miwa imelizunguka. Nilikuwa nikimpelekea chai asubuhi, umande haujakauka na mlima umejifunua wote, mweupe kule juu, na nilikuwa namkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, injini yenyewe ikiwa bado vipande vipande juu ya meza. Macho yalikuwa wazi lakini hakuniona. Nilikuwa naiweka chai juu ya boneti na kuondoka polepole, maana mtu aliyefika mbali vile haifai kumshtua.

Mwaka juzi injini ikawaka. Kilichobaki kilikuwa sailensa ya bomba la moshi, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Ile ya zamani ilibomoka mkononi ilipofunguliwa, na ya kiwandani kwa gari la umri ule haipatikani tena, kwa hiyo ilibidi kuchagua ya mbadala. Mimi nilidhani sailensa ni sailensa. Kumbe mtu anaweza kusimama kwenye dirisha la stoo robo siku akikueleza kwamba bomba likiwa pana mno gari linakosa nguvu ya kupandia mlima, likiwa jembamba mno injini inabanwa pumzi; kwamba isining'inie chini sana kwa sababu ya mawe ya barabara za kwetu; kwamba chuma cha kawaida kitaliwa na kutu masika mawili tu. Halafu akimaliza hayo yote, anashusha sauti na kusema kwamba yote hayo yanapimika kwa futi na kwa macho, isipokuwa mlio.

Mlio ndio uliomkosesha usingizi. Vedastus alitaka gari la Martin lilie kama lilivyolia chini ya Martin. Aliona kwamba hiyo ndiyo shukrani pekee ambayo mtu kama yeye angeweza kuirudisha kwenye ile nyumba. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuusikia. Akaanza kuulizia huko mlimani. Katekista mmoja mzee akamwambia ulikuwa kama nyuki walioko ndani ya mzinga, wametulia lakini wako wengi. Jirani akasema hapana, ulikuwa mzito, ulikuwa unatikisa vikombe kabatini. Aika yeye aliuimba tu kwa kufumba mdomo, akiwa anakunja nguo, na Vedastus akamwomba aurudie tena na tena mpaka akakataa.

Sailensa ya kwanza ilitoka Dar es Salaam, inang'aa kama sufuria ya harusi, ndani tupu. Ilipowashwa hapa karakana, walinzi wa geti kuu walikuja kuuliza kuna nini. Vedastus akaifungua siku hiyo hiyo. Ndipo akampelekea Yohana mabaki ya ile ya zamani. Yohana ni fundi wa kuchomelea mwenye banda lake Majengo, mtu wa maneno machache na kiburi kingi cha kazi. Aliyapasua mabaki yale, akaona jinsi vyumba vyake vya ndani vilivyokuwa vimekaa, akaona lile bomba lenye matundu, akaanza kutengeneza nyingine kama ile. Wiki kadhaa zilipita. Kila walipojaribu, Aika aliyeitwa kusikiliza alitikisa kichwa, na Yohana akaikata tena bila kinyongo.

Jioni moja Yohana aliongeza kipande kidogo cha bati la matundu, Vedastus akawasha, na Aika akakaa chini juu ya tairi kuukuu akalia. Hapo kila mtu bandani akajua kazi imekwisha. Waliokuwepo walipeana mikono.

Sasa, kwa wenzetu mliotoka mikoa mingine, lazima niwaeleze Desemba ya mlimani ilivyo. Watoto waliotawanyika kila pembe wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na akina mama wanaanza kusikiliza barabara mapema. Mama anayajua magari ya wanawe kwa mlio. Gari likiwa bado chini kwenye kona ya kanisa, yeye ameshasema ni nani, ameshaagiza ndizi zitiwe jikoni na geti lifunguliwe. Vedastus aliyajua haya kama mtu anavyojua mambo ya nyumba za watu. Yeye miaka yote alipanda kwa pikipiki za kukodi, ambazo zote zinalia sawa, na akifika anabisha hodi.

Jumamosi moja ya Desemba 2024 akapandisha Datsun mlimani kwa mara ya kwanza. Aika alikuwa ametangulia kwa mama yake, na kwa kuwa nilikuwa na kiroba cha mchele wa Chekereni cha kumpelekea, nikapewa kiti cha pili. Sitaisahau safari ile. Tuliuacha mji na joto lake, ukungu ukaanza kutupokea, migomba ikasogea karibu na barabara mpaka ikawa inatugusa. Mlio ulikuwa unatutangulia, unaingia migombani na kurudi laini zaidi, na maji ya mifereji yalikuwa yanang'aa kila mahali. Nilihisi kama nimelala huku nikiona. Kwenye kona ya kanisa barabara inakuwa kali, ikabidi Vedastus arudi gia ya pili, kama ambavyo bila shaka Martin naye alilazimika. Injini ikapaza sauti, na Vedastus akatabasamu peke yake.

Geti lilikuwa wazi. Mama Lukresia, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na hatembei bila fimbo, alikuwa amesimama nje barabarani bila fimbo, amejifunga kitenge kipya, mkono mmoja ameuinua. Uso wake ulikuwa wa msichana. Gari likasimama mbele yake, mlango ukafunguliwa, akatoka mkwe wake wa Bukoba. Nilimwona mama akishusha ule mkono polepole mpaka ukapata nguzo ya geti.

Vedastus alimwamkia, "Shikamoo, mama."

Alijibu marahaba, akatukaribisha kama kawaida yake, akatupa viti vizuri. Mezani kulikuwa na bakuli kubwa la ndizi na maziwa yaliyoganda, limefunikwa, na tulijua halikuwa letu. Hatukuweza kula wala kukataa. Ndipo mama mwenyewe akalifunua na kulisogeza mbele ya Vedastus. "Usijisumbue, mgeni wetu," alisema. "Najua Martin amelala pale nyuma. Miguu ndiyo haikujua."

Tuliporudi, Vedastus alishuka mlima taratibu kiasi kwamba watu waliotoka sokoni kwa miguu walitupita, yote ili injini isipaze sauti. Jumatatu asubuhi aliifungua ile sailensa. Karakana nzima ilimjia juu, mimi nikiwa mmojawapo, na Yohana alipopata habari alikuja kutoka Majengo akiwa amevimba. Aliuliza kazi yake ina kasoro gani. Vedastus alimjibu, "Haina hata moja, Yohana. Hiyo ndiyo shida yake." Kisha akamsimulia yaliyotokea getini, na Yohana akaketi akanywa chai yetu.

Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekosea swali tangu mwanzo. Alikuwa ameuliza gari lile lililia vipi, wakati anayeliendesha sasa ni mtu mwingine na anayelisubiri ni mama aliyezika. Kila Jumamosi lingempandisha moyo hadi getini na kumwacha hapo. Afadhali gari lioze bandani kuliko kumfanyia mzee hivyo. Hata hivyo hakutaka kuliacha, na mimi namshukuru Mungu kwa ukaidi wake.

Mwezi Januari 2025 alipanda tena, safari hii kimya kimya, sailensa moja tulivu chini ya gari na nyingine mbili nyuma ya viti, na Yohana pembeni yake na spana. Mimi nilikwenda kwa usafiri wangu, maana jambo lile singekubali kusimuliwa. Alimwamkia mama mkwe wake, akamwomba aketi uani, akamweleza kwamba gari linahitaji sauti na kwamba atakayeichagua ni yeye. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaagiza kigoda chake, akakiweka sawa, akatulia kama mtu aliyeitwa kuonja pombe ya sherehe.

Walianza na ile ya Dar. Ng'ombe alipiga mateke zizini, na mama akainua mkono kabla injini haijapata moto. "Hii inagombana na watu," alisema. Wakasubiri bomba lipoe, Aika akamimina chai, ukungu ukapita uani ukaenda zake. Ya pili, ile aliyopanda nayo, ilitoka Arusha, fupi na ya kimya sana, ambayo Vedastus mwenyewe aliielekea. Mama aliisikiliza kwa adabu. "Huyu ananyata," akasema. "Mtu wa nyumbani atanyatia nini?"

Ya tatu ilikuwa ndefu, ya chuma kisichoshika kutu, yenye pamba ya kioo ya kumeza kelele ndani yake na bomba la wastani. Mimi ndiye niliyeiagiza Nairobi kupitia stoo, kwa hela ya Vedastus, na naomba hilo lisisahauliwe. Ilipowashwa, mama hakuinua mkono. Aliinamisha kichwa, akamwambia Vedastus akanyage mafuta kidogo, akamwambia aachie. Ilikuwa sauti ya chini, nene, isiyo na haraka, na kwa kweli haikufanana na kitu chochote ambacho Aika aliwahi kuimba.

"Hii inaongea vizuri," alisema mama. "Ila siijui."

"Ndiyo, mama," Vedastus akamjibu. "Bado hakuna anayeijua."

"Basi nenda nayo mpaka kule kanisani urudi, niijue."

Akaenda, akarudi. Mama alikuwa amesimama getini, akamwashiria aende tena. Akaenda tena. Majirani wakatoka kuuliza kama yule Mhaya amepotea njia. Nilisimama karibu na mama nikausikia mlio ule ukishuka, ukififia migombani, ukipotea, halafu ukianza tena kutoka chini kabisa, na kila mara nilimtazama usoni. Mara za kwanza alikuwa anajikaza. Baadaye alikuwa anasikiliza tu. Mwishowe akaona miguu inachoka, akarudi kwenye kigoda chake, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi pamoja na mjukuu wake Blessing, mtoto wa Aika.

Mlio ukasikika tena kwenye kona. Mama hakuinua kichwa.

"Baba yako huyo," alimwambia Blessing. "Kafungue. Na umwambie kabla hajakaa akamkatie ng'ombe majani, nimechoka kuwaambia nyie."

Kule kwetu mgeni hatumwi majani, hata awe amekaa mwezi. Vedastus alipopewa ujumbe alisimama kidogo na ufunguo mkononi, katika shati lake la kanisani. Hakuuliza panga liko wapi, alikuwa amelijua mahali lilipo kwa karibu miaka thelathini. Alilichukua akashuka mferejini, na sisi tuliobaki uani tuliona anapangusa macho kwa mkono wa shati, tukajifanya tunatazama mlima. Neno mgeni halijasikika tena katika nyumba ile. Ile sailensa ya Yohana mama aliomba aletewe, akaifunga kwenye kitenge, na Yohana anasema hajawahi kulipwa vizuri kuliko hapo.

Fundi Vedastus, karakana inakushukuru kwa matrekta uliyoyaponya kabla hayajaugua, kwa vijana uliowafundisha kunyamaza na kusikiliza, na kwa chai zote ulizoziacha zipoe juu ya boneti. Tunamshukuru Aika aliyekuazima kwetu muda mrefu hivi. Mahali pako hapa tutamweka mtu, kwa sababu kazi lazima iendelee, lakini benchi la kantini kwa sasa hatulikalii.

Siku ya Ijumaa, baada ya keki na hotuba, Datsun itapanda Old Moshi kama ilivyopanda kila mwisho wa wiki kwa mwaka mzima sasa. Jumatatu haitashuka. Tunakuombea afya njema, migomba yenye mikungu mizito, na asubuhi nyingi ambazo hakuna kengele ya zamu. Usikae sana kwenye hotuba, Fundi. Kwako wanakusubiri.